Mpira wa maji matamu uliojificha nyuma ya injini ya boti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo manahodha na wenye boti wa Lamu, Shela na Manda huniuliza kila msimu wa kusi unapochafua bahari, wageni wakapungua, na watu wakapata nafasi ya kuzifungua injini zao. Yote yanauhusu mpira mmoja tu: ule unaotoka chini ya kipozeo na kuingia kwenye pampu inayozungusha maji matamu, ambao katika boti nyingi umepitishwa upande wa injini unaotazama ubavu wa chombo, mahali ambapo mkono huingia kwa taabu na jicho haliingii kabisa.

Mpira huu ni upi hasa, na kazi yake ni nini?

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti kwa kawaida huwa na mizunguko miwili ya maji. Wa kwanza ni wa maji ya bahari, ambayo huvutwa kupitia valvu iliyo chini ya chombo, yakapita kwenye kichujio na kwenye pampu yenye impela (gurudumu dogo la mapezi linalosukuma maji), yakaingia katika kipozeo, kisha yakatupwa nje pamoja na moshi. Wa pili ni wa maji matamu yaliyochanganywa na kulanti, yaani dawa ya maji ya kupozea injini, nayo hayatoki nje hata kidogo: huzunguka ndani ya injini yakabeba joto, yakaenda kulikabidhi kwa maji ya bahari ndani ya kipozeo, kisha yakarudi kulichukua jingine. Ndani ya kipozeo maji hayo mawili hupita jirani, yakitenganishwa na kuta nyembamba za mirija, bila kuchanganyika. Mpira tunaouzungumza hapa umo katika mzunguko wa pili. Ukipasuka boti haizami, lakini injini hubaki kavu kwa muda mfupi sana, na nahodha asipouona mshale wa joto ukipanda mapema, silinda hedi huweza kupinda.

Boti yangu ina injini ya kupachika tezini. Maelezo haya yananihusu?

Hayakuhusu. Injini hizo karibu zote hupozwa na maji ya bahari moja kwa moja, hivyo wajibu wako ni kuisuuza kwa maji matamu baada ya safari.

Nitajuaje kwamba mpira umechoka kabla haujapasuka?

Dalili ya kwanza ni maji ya kwenye tangi la juu kupungua kidogo kidogo bila tone kuonekana chini. Ya pili ni ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti unaojikusanya pembeni mwa klipu, ule mkanda wa chuma unaoubana mpira, kwa sababu maji yanayovuja kwenye injini ya moto hukauka kabla ya kudondoka na kuacha alama hiyo peke yake. Ya tatu ni harufu tamutamu unapofungua kifuniko cha chumba cha injini.

Injini ikiwa baridi, ubonyeze mpira kwa vidole karibu na ncha zake zote mbili, kisha ubonyeze katikati, na ulinganishe. Mipira hii mara nyingi huharibika kuanzia ndani, kwenye sentimita chache za mwisho karibu na shingo ya chuma ulikovishwa, kwa hiyo ngozi ya nje inaweza kung'aa kama mpya ilhali ndani kuna nyufa ndefu. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, au ukihisi kama mfereji chini ya kidole, usingoje. Mpira uliovimba tumbo, uliokuwa mgumu kama kigae, au unaotoa mlio wa kukatika unapobonyezwa, huo haujadiliwi.

Jambo moja la tahadhari. Wapo mabaharia ambao wakikuta maji kwenye ngama, yaani sakafuni kabisa mwa chombo maji yanapokusanyika, huchovya kidole na kuonja, ili wajue kama ni chumvi au matamu. Kwenye boti yenye kulanti desturi hiyo iachwe, kwa kuwa kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Tazama rangi, na usugue maji hayo kati ya vidole. Yenye kulanti huteleza.

Maji yanapungua lakini mpira ni mzima. Yanakwenda wapi?

Huenda mirija ya kipozeo imetoboka na maji matamu yanatoka na moshi, au gaskiti ya hedi imekufa. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, acha habari za mpira kabisa na umwite fundi wa injini.

Je, lazima boti ipandishwe pwani?

La. Mzunguko huu hauna tundu linalofunguka baharini, hivyo kazi inaweza kufanyika boti ikiwa imefungwa gatini. Hata hivyo, ikiwa itakubidi kufungua vifuniko vya kipozeo ili upate njia, funga kwanza valvu ya maji ya bahari, kwa maana kipozeo kikiwa chini ya usawa wa maji, bahari itaingia kupitia hapo hapo ulipofungua. Ning'iniza ufunguo wa injini kwenye mpini wa valvu hiyo, ili asitokee mtu wa kuiwasha kabla valvu haijafunguliwa tena.

Ninunue mpira wa aina gani?

Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya maji ya moto ya injini, wenye nyuzi ndani yake, ambao kwa kawaida huwa wa EPDM, aina ya raba inayostahimili maji ya moto. Wenye kufuata kiwango cha SAE J20 huandikwa hivyo ubavuni. Mpira wa bustani na ule wa plastiki angavu haufai hata kwa siku moja: thamostati nyingi (valvu inayoyafungulia maji njia injini ikipata moto) hufunguka kati ya nyuzi joto 71 na 82, na plastiki ya namna hiyo huwa imekwisha kulegea kabla ya kufika hapo. Mpira wa silikoni huvumilia joto zaidi, lakini ni laini, na klipu za kawaida zenye matundu huukata. Ukiutumia, tafuta klipu zenye mkanda laini upande wa ndani.

Kipimo ni upana wa ndani, si wa nje. Wengi hupima nje kwa sababu ndiko wanakoona, wakarudi na mpira usioingia. Kama wa zamani umetanuka, pima shingo ya chuma yenyewe.

Ulizia pia umbo. Mpira huu uko upande wa kuvuta wa pampu, na mpira mnyoofu uliokunjwa kwa nguvu ili ukate kona hupata kikunjo, kisha pampu ikiongeza kasi hujifinya na kufunga njia. Matokeo yake ni ya kutatiza: injini haichemki ikiwa polepole, lakini inachemka ukiikimbiza. Kama wa zamani ulifinyangwa kiwandani ukiwa na kona, tafuta uliofinyangwa hivyo, au wenye waya wa mviringo ndani. Kwa sisi wa Lamu vipuri vya namna hii kwa kawaida huagizwa Mombasa na kuletwa kwa barabara hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na ndiyo maana nasisitiza kupeleka mpira wa zamani wenyewe badala ya picha ya simu. Picha haisemi kama upana ni milimita 32 au 35.

Nitaufikiaje, ikiwa mkono wangu haufiki?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu huwaudhi watu: usijitahidi kuufikia mpira, ondoa kilicho mbele yake. Nimewaona mafundi hodari wakilala kifudifudi juu ya injini tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono mmoja umechubuka hadi kiwiko, wakipigana na klipu moja, wakati altaneta iliyowazibia njia ilishikiliwa na bolti mbili ambazo zingefunguka kwa dakika 20. Kabla ya kushika spana, keti na tochi na kioo kidogo, au pitisha simu nyuma ya injini ukipiga video, uitazame njia yote ya mpira: unapoanzia, unapopinda, klipu zimeelekea wapi, na ni kitu gani kikiondoka nafasi itapatikana. Mara nyingi ni altaneta, filta ya oili, kichujio cha hewa, au ubao tu wa chumba cha injini ambao aliyeunda boti aliupigilia skrubu nne na hakuna aliyeufungua tangu siku hiyo.

Ukiamua kuondoa altaneta, tenganisha betri kwanza. Waya mnene wa altaneta huwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na spana ikiugusa pamoja na chuma cha injini cheche zake hazina mzaha.

Kwa klipu yenyewe, bisibisi ndiyo zana mbaya kuliko zote, maana inahitaji kusimama wima mbele ya skrubu na ikiteleza inatoboa kitu. Klipu nyingi zina kichwa chenye pembe sita, cha milimita 7 au 8. Soketi ndogo kwenye mpini mrefu unaopinda huifungua kwa kuhisi tu, bila kuona. Vaa soketi kwenye kidole kwanza, itafute skrubu kwa ncha ya kidole, ikae, ndipo uunganishe mpini.

Tandika kitambaa au kipande cha turubai chini ya injini kabla ya kuanza. Klipu ya chuma cha pua ikidondoka ndani ya ngama, sumaku haitakusaidia kuiokota.

Nimefungua klipu zote mbili lakini mpira umeganda kwenye shingo. Nifanyeje?

Usiuchokonoe kwa bisibisi wala kuupinda kwa nguvu zako zote. Shingo nyingi ni za shaba au aluminiamu, na ukizikwaruza au kuzipinda, hata mpira mpya utavuja. Huu unatupwa, kwa hiyo ukate: pitisha wembe kwa urefu, kutoka ukingoni kwenda nyuma, sentimita tatu au nne, bila kuzama hadi kwenye chuma, kisha uufungue kama unavyomenya ganda la muhogo. Iliyobaki itachomoka. Baadaye safisha shingo kwa msasa laini hadi uhisi kwa kidole kwamba hakuna ukoko wala bonde la kutu. Bonde likiwapo, klipu haitaliziba hata ukiikaza namna gani.

Kazi hii ianze injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha tangi la juu hushikilia presha, na presha hiyo huyafanya maji yawe na joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua kabla ya wakati, yatachemka yote mara moja usoni pako.

Mpira mpya nitaupitishaje mahali nisipopaona?

Kabla ya kuutoa wa zamani, ufunge mshipi wa kuvulia samaki kwenye ncha yake moja, kisha uuvute kutoka upande wa pili, ili mshipi ubaki ukiwa umelala kwenye njia ile ile. Mpira mpya ufungwe kwenye mshipi huo na uvutwe taratibu, huku mtu wa pili akiusukuma na kuuzungusha kidogo kila unapokwama. Ziba mdomo wake kwa plastiki na utepe, la sivyo utazoa uchafu wote wa ngama na kuupeleka ndani ya injini. Na klipu zivishwe kwenye mpira kabla haujaingia. Kuna watu wamemaliza kazi yote wakakuta klipu bado iko juu ya sitaha.

Ncha ikikataa kuingia kwenye shingo, itumbukize kwenye maji ya moto ya birika kwa dakika moja au mbili, kisha uisukume ikiwa bado laini. Kama kilainishi kinahitajika, tone la sabuni ya kuoshea vyombo na maji linatosha. Usitumie grisi, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha na kuozesha EPDM. Wala usitumie mafuta ya nazi au sifa, yale mafuta ya samaki tunayopaka mbao za vyombo, kwa sababu yatabaki yakiteleza pale pale unapotaka mpira ushike.

Je, naweza kuukata katikati na kuuunga?

Unaweza, na pale ambapo kona haipitiki kwa kipande kimoja mimi nimefanya hivyo bila kuona haya. Kiungio kiwe cha shaba au cha chuma cha pua, chenye kingo zilizoinuka, cha upana ule ule, na kiwekwe mahali mkono unapofika. Kila kiungo ni sehemu mbili zaidi za kuvuja, kwa hiyo kimoja kinatosha.

Klipu moja au mbili kila upande?

Kwa mipira ya maji ya bahari iliyo chini ya usawa wa maji, mbili, na hapo sibishani na mtu. Kwa mpira wa maji matamu, klipu moja nzuri iliyokaa mahali pake inatosha, na mara nyingi shingo ni fupi mno kwa mbili: ya pili huangukia ukingoni na kuukata mpira. Mahali pake ni nyuma ya ukingo ulioinuka wa shingo, mpira ukiwa umeingia hadi mwisho.

Hili nililijifunza kwa aibu. Nilimfungia mteja mpira wa namna hii kwa kuhisi tu, nikajiridhisha kwamba klipu imekaza, kumbe ilikuwa imeshika nje ya ukingo, kwenye milimita chache za mwisho. Tulikuwa katika mkondo wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, maji yakipwa, mpira ulipochomoka na chumba cha injini kikajaa mvuke. Tulipouona mshale na kuzima, maji yote matamu yalikuwa kwenye ngama. Kuurudisha mpira hakukuchukua hata saa nzima, lakini hadi hapo boti ilikuwa imeshakaa juu ya tope kati ya mikoko, na tulisubiri maji yajae, abiria wakinitazama.

Kuhusu ubora, tazama skrubu na si mkanda peke yake. Klipu nyingi za bei rahisi zina mkanda wa chuma cha pua lakini skrubu ya chuma cha kawaida, ambayo kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu mapema. Sumaku ikiinasa skrubu kwa nguvu, iache dukani. Na unapofunga, skrubu ielekee upande ambao mkono utatokea siku nyingine.

Nijaze maji gani?

Kulanti iliyokwisha changanywa kiwandani ndiyo rahisi zaidi. Ukinunua isiyochanganywa, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa ni kipimo kinachokubalika kwa injini nyingi, ila kitabu cha injini yako ndicho kinachoamua. Wengine huniambia kwamba Lamu hakuna baridi ya kugandisha maji, kwa hiyo kulanti ni ya Wazungu. Kazi yake kwetu ni nyingine: huzuia kutu ndani ya injini na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Maji ya kisima, hata cha Shela ambako maji ya chini ya matuta ya mchanga ni mazuri kwa kunywa, yana madini yatakayoacha gamba kwenye kipozeo. Maji ya mvua ni afadhali, lakini si yale yaliyokaa ndani ya jabia (birika la kuhifadhia maji) lililopakwa chokaa, kwa kuwa yamekwisha inywa chokaa hiyo, wala yaliyopita juu ya makuti. Ukinunua maji ya betri, soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo watu huiita kwa jina hilo hilo.

Nimejaza vizuri, lakini injini inachemka kuliko zamani. Mpira mpya ni mbovu?

Yaelekea kuna hewa iliyonaswa. Jaza polepole, ukifungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, na ubonyeze mpira kwa mkono ili mapovu yapande. Washa injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi, iache ikinguruma taratibu, na uongeze maji kila yanaposhuka. Thamostati itakapofunguka kiwango kitashuka ghafla. Ongeza tena, kisha funga. Ikishapoa kabisa, angalia kiwango na uikaze klipu kidogo, maana mpira mpya hulegea baada ya kupata joto mara ya kwanza. Matone machache siku ya pili kwa kawaida yanatokana na hilo.

Mpira ukipasuka niko baharini, nifanye nini?

Zima injini, tia nanga, na usifungue kifuniko. Injini ikipoa, kausha mpira na uuzungushie utepe wa silikoni unaojigandisha wenyewe, au vipande virefu vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa kwa nguvu na kufungwa kwa uzi juu yake. Jaza maji ya kunywa, kifuniko ukiache kimelegea ili presha isijengeke, na urudi kwa mwendo wa chini ukiutazama mshale wa joto. Maji ya bahari yaingizwe kwenye mzunguko huu pale tu ambapo hakuna namna nyingine, na mfumo usuuzwe siku hiyo hiyo.

Kulanti ya zamani niimwage wapi?

Si baharini na si mtaroni. Ikinge kwenye ndoo, na uzime pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe ili isikutangulie. Utamu wake huwavuta wanyama, na kiasi kidogo sana humuua paka. Mji wetu umejaa paka gatini na punda vichochoroni, nao hunywa popote wanapokuta maji. Iweke kwenye dumu lenye kifuniko, liandikwe, lipelekwe gereji inayokusanya taka za injini.

Mpira wa zamani niutupe?

Ukate kwanza kwa urefu na uutazame ndani. Ukikuta ngozi ya ndani imebanduka na vipande havipo, vipande hivyo vimekwenda mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni kwenye njia nyembamba za kipozeo au chini ya thamostati, kwa hiyo fungua hapo kabla hujairudisha altaneta.